Pikipiki ya Mkwe Wangu

Mastula mwanangu,

Salamu sikuandikii. Tumeshinda nyumba moja kutwa, na tumesalimiana vya kutosha kwa watu wasiosemezana. Barua hii nitaishona ndani ya bitana ya koti langu, lile utakalolivaa alfajiri, na nitakuambia usiitoe mpaka uwe upande wa Kenya, umekaa kitako, umekunywa maji. Kama unaisoma kabla ya hapo, ikunje uirudishe. Nakujua wewe.

Habari za sweta, za kuswali kwa wakati, za kutokula vya watu usiowajua, Bibi yako amekuimbia tangu adhuhuri na mimi sina la kuongeza. Ninachotaka kusema ni lile lililonikaa kooni mwezi mzima kama mwiba wa samaki. Tangu ile safari ya Jinja hujanitazama usoni ila mara moja. Chai unanipa, maji ya kuoga unaniwekea, "Baba, chakula tayari," basi. Na mimi, fundi mzima, ninayeweza kusikiliza injini ikinguruma barabarani nikakuambia vali ipi inavuja, nimeshindwa kukuambia neno moja: nimekosa.

Haya, nimeliandika. Nimekosa mimi, si wewe. Kapteni anakuja Ijumaa kukuchukua kwa sababu ya mdomo wangu, na wewe unatoroka kwenu kesho kwa sababu ya mdomo huo huo. Bibi yako anasema uliomba kupanda nyuma, kwa hiyo wewe nawe unajilaumu, nimekusikia ukimwambia jikoni. Acha upuuzi huo. Binti kuomba kupanda pikipiki ya baba yake si kosa popote duniani.

Nianze na chuma chenyewe.

Ilikuwa ya Bwana Karsan, tajiri wangu. Wewe ulikuwa mdogo, labda unakumbuka peremende zake tu. Gereji hii ya Industrial Area ilikuwa yake, mimi fundi wake. Pikipiki aliinunua kwa Mzungu mmoja wa pamba, enzi za Waingereza, akaiendesha mpaka ikamfia, akaifungua aitengeneze mwenyewe, kisha akashindwa kuifunga. Wahindi walipoamriwa kuondoka aliniita stoo akanionyesha makasha. "Fundi," akasema, "injini iko humu. Magurudumu yako darini. Funga wewe, mimi imenishinda." Akacheka, halafu akalia, halafu akapiga chafya kwa ajili ya vumbi.

Akaniomba nimsindikize stesheni siku ya kuondoka. Sikwenda. Nilijiambia kazi ni nyingi, na kazi yenyewe ilikuwa kupanga spana ambazo zilikuwa zimepangika. Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana nimemshika mkono Mhindi huku askari wanatazama. Nikasikia treni ikipiga honi, nami nimesimama hapa na kitambaa mkononi. Mpaka leo sijui alifika wapi.

Ndivyo baba yako alivyo. Akiona uchungu unakuja, anakimbilia chuma. Hata mama yako alipofariki, matanga hayajaanuliwa, mimi niko chini ya lori la mtu. Watu wakasema Rajabu ana moyo mgumu. Si kweli. Chuma kikivunjika najua pa kukishika, na mama yako amekufa sikujua nishike wapi. Nawe ulikuwa mlangoni umesimama na gauni la kuazima, unasubiri nitoke mle chini. Nilikuona miguu. Sikutoka.

Kwa hiyo usishangae kwamba tulipokuja kuzoeana, mimi nawe, tulizoeana juu ya makasha yale.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa umemaliza shule na kazi hakuna, mji umelala. Maduka ya vipuri yamegawiwa watu waliokuwa hawajui gaskiti ni kitu cha kula ama cha kuvaa. Nilimwuliza mmoja ringi za pistoni, akaniambia nenda kwa sonara. Tukasema basi, tutatengeneza wenyewe. Ringi tukazichonga kutoka pampu ya maji iliyokufa, nikizipiga tupa usiku na mchana, wewe ukizipima kwa ukucha wako, ukisema, "Bado, Baba, inakwaruza." Gaskiti tukazikata kwenye jalada la daftari lako la jiografia. Kebo ya klachi ilitoka kwenye baiskeli tatu tofauti. Petroli ya kuoshea vyuma ilikuja kwa kibuyu kutoka kwa Wekesa, dereva wetu wa lori wa Bungoma, anayenuka Kenya mpaka kwenye soksi.

Na ile klachi! Pikipiki hizo za kale klachi yake ina vizibo vidogo vya gome, vile vya chupa za mvinyo, vimepachikwa kwenye sahani za chuma ili zishikane. Vilikuwa vimeoza vyote. Muislamu mzima nikaenda kupiga hodi kwa Padre huko Nabuyonga. "Padre, naomba vizibo vya divai." Alinitazama kama mtu aliyekwisha kunywa hiyo divai yenyewe. Nilipomweleza akacheka mpaka akakaa chini, akanipa kopo zima. Ukavichemsha kwa siri kwenye sufuria ya Bibi, ukavikata kwa wembe kimoja kimoja. Bibi akanusa, akaja na fimbo yake. "Rajabu, hiki ni nini kwenye sufuria yangu? Divai? Sasa pikipiki yenu itaswali wapi, msikitini ama kanisani?" Ulicheka umeshikilia mlango, machozi yanakutoka. Nilikuwa sijakusikia ukicheka namna ile tangu ukiwa na meno ya utoto.

Siku hiyo nilikuwa na raha, mwanangu. Nataka uijue. Mtu hafikirii kuisema raha wakati anayo.

Sasa kosa lilipoanzia. Miaka hii kila mtu Mbale amejifunza kuficha kizima. Mwenye gari zuri anang'oa gurudumu moja, anaegemeza matofali. Mwenye redio anaivisha gunia. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nawafundisha wateja: "Rangi usipige, bwana. Acha kutu ikulinde." Nikawa nawasifu kwa ubovu wa magari yao. Na bado yangu nikaing'arisha. Nikeli nikaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ukawa unajitazama humo ukisuka nywele. Tangi nikalipiga rangi ya damu ya mzee, nikalichora mstari wa dhahabu kwa mkono, nimeshika pumzi. Bibi yako akasema, "Rajabu, kizuri chajiuza." Nikamjibu kwa kiburi, "Mama, hii haiuzwi."

Unataka kujua kwa nini? Nilikuwa nimechoka. Miaka yote naficha, nainama, natembea ubavuni mwa ukuta, nasema "ndiyo afande" kwa watoto niliowatengenezea baiskeli zao. Nilitaka kitu kimoja kiwe kizuri mchana kweupe, mbele za watu, na watu waseme: Rajabu ndiye aliyekitengeneza. Hilo tu. Nilidhani ni dogo.

Tena wewe ulijifunza kuiendesha haraka kuliko mimi. Zile Jumapili kwenye uwanja wa kiwanda cha pamba kilichofungwa, ukaanguka, ukaamka, ukatukana kwa Kimasaba maneno niliyojifanya sikuyasikia, ukapanda tena. Kesho hayo ndiyo yatakayokufikisha, namshukuru Mungu kwa ukaidi wako.

Halafu safari yenyewe. Tulisema twende Jinja tukamwonyeshe Shangazi yako Nuru, kwa sababu aliwahi kusema chuma kile kitaota uyoga. Nilipoipiga kiki ikagugumia, ikakohoa, ikatema moshi wa buluu, kisha ikashika. Sauti ile! Nzito, ya polepole, kama mzee anayesimulia habari na hataki kukatizwa. Ukafunga leso kichwani ukakaa nyuma, mikono kiunoni kwangu, tukauacha mlima Wanale mgongoni na maporomoko yake yanang'aa, tukashika njia ya Tirinyi. Vumbi tulilikula kama uji. Kule kwenye mafunjo ya mto Mpologoma baridi ikatupiga usoni, ukanipigia kelele sikioni, "Baba, ongeza!" Nikaongeza. Wanawake waliokuwa wakiuza kambare barabarani wakatupungia visu vyao. Tangu mama yako aondoke hakuna mtu aliyenishika kwa saa nyingi namna ile, na nilipanda vilima nikitamani Jinja isogee mbele.

Kizuizi kilikuwa kabla tu ya kuingia mjini. Mapipa mawili, gogo juu yake, askari wamekaa kivulini wanatafuna miwa.

"Simama! Wewe natoka wapi?"

"Mbale, afande."

"Hii kitu ya nani?"

"Yangu, afande. Nimeitengeneza kwa mikono yangu."

Hapo ningenyamaza. Ningesema ni ya serikali, ni ya mgonjwa, ni ya shetani. Lakini mtu akiwa na kitu kizuri anataka kuulizwa. Kapteni akainuka kwenye kiti chake, akaizunguka, akalipapasa tangi kama mtu anayepapasa ng'ombe mnadani. Akauliza ya mwaka gani, nikamweleza. Akauliza klachi nimepata wapi, nikamsimulia vizibo vya Padre, naye akacheka kwa nguvu. "Mzee, wewe nasema Kiswahili kama redio!" Na mimi nikafurahi! Watu wa mji huu wakisikia Kiswahili wanafikiri buti na bunduki, wananyamaza. Kwetu sisi ndiyo lugha ya nyumbani, ya babu yako aliyekuja na malori kutoka Mombasa. Nikajiona nimepata mtu wa kuongea naye. Nilisahau ana bastola.

"Mimi napenda hii," akasema. "Unauza ngapi?"

Unajua, kila mtu anajua, askari akiuliza unauza ngapi hanunui. Unachotakiwa ni kushuka, kutoa ufunguo, kusema asante. Mimi nikatafuta njia ya kuponya chuma changu. Nikavaa tabasamu, nikamtupia utani wa wazee wa pwani, ule wa barazani, ambao mtu akiambiwa anajua amekataliwa kwa heshima. Nikasema, "Afande, hii haina bei. Nimemwekea mkwe wangu. Atakayemwoa binti yangu ndiye atakayeipanda."

Askari wakacheka. Kapteni naye akacheka. Nikajiona mjanja kweli kweli, Mastula. Kwa muda wa kumeza mate nilijiona mjanja kuliko jeshi zima.

Halafu akatazama nyuma yangu. Mpaka pale alikuwa hajakuona. Ulikuwa umejifunika leso kwa vumbi, umeinamisha kichwa, alikuwa na macho ya pikipiki tu. Mimi ndiye niliyekuonyesha.

"Binti iko hii?"

Nikasikia mikono yako ikitoka kiunoni kwangu.

"Basi mzee, mimi ndiyo mkwe. Umesema mwenyewe. Askari yote nasikia." Akaniuliza jina, akaniuliza gereji iko wapi, na mimi nikamtajia, kwa sababu namba ya pikipiki alikuwa ameshaisoma. Akanipigia saluti. Saluti! "Baba mkwe, endesha pole pole."

Mdomo huponza kichwa, wamesema waliotangulia. Wangu ulikiruka kichwa changu ukaenda kuponza cha mwanangu. Ningemwambia, "Chukua afande, ni yako," tungetembea kwa miguu mpaka kwa Shangazi, ningenung'unika mwaka mzima, Bibi angenicheka, na leo ungekuwa chumbani kwako umelala. Chuma! Nilikiona kile chuma kinakwenda, na mkono wangu ukakamata cha karibu kukifidia.

Kwa Shangazi hukula. Alileta samaki, ngege mzima wa kupaka, na mimi, Mungu anisamehe, nilizungumza habari za klachi. Nilizungumza sana. Kurudi ulishika kile chuma cha nyuma ya kiti, hukunigusa tena, mpaka Mbale. Barabara ile ile, mafunjo yale yale, na mgongo wangu ulikuwa na baridi njia nzima.

Yaliyofuata unayajua. Landrova ikaleta gunia la sukari na katoni ya sabuni, vitu ambavyo watu mtaani wanaviota. Majirani wakaja mbio: "Baba Mastula, umepata! Mkwe mkubwa!" Wengine kwa wivu, wengine kwa huruma, na wote wakitupia jicho gunia. Bibi yako hajapata kunywa chai ya sukari tangu sijui lini, lakini siku ile alisukuma kikombe. "Chungu imenizoea," akasema. Gunia liko pale pale kwenye korido, hatujalifungua, tunalipita ubavu ubavu kama maiti. Kapteni akaja mwenyewe, akakalia kiti changu. "Ijumaa. Mnataka sheikh, naleta sheikh. Mnataka padri, naleta padri. Pikipiki iwe tayari." Akamwacha koplo langoni alinde mali yake. Sikujua mali ni ipi kati yenu wawili.

Sikumkatalia. Wanaokataa tumewaona wakiingizwa kwenye buti za magari, hatujawaona wakitoka.

Jioni ile uliniuliza swali moja tu la mwezi huu. "Baba, kwa nini hukumpa tu?" Nami nikajibu, "Nilikuwa natania." Nikakuona umetikisa kichwa taratibu, kama mtu mzima anayemsikiliza mtoto, ukaingia ndani. Nimekaa na jibu hilo kila siku tangu hapo. Halijapata kuwa bora.

Ninachokuachia si mawaidha, sina haki hiyo. Nakuambia tu nilichokiona. Ukifika huko utapata vitu vizuri, Inshallah, utavipenda, na uvipende. Lakini akija mtu mwenye nguvu akakitaka kitu chako, usimchekeshe. Mpe, ama mkatalie, ama kimbia. Usimtanie. Utani ni wa watu mnaolingana, mimi nilimpa mtu ambaye hatulingani na yeye akaufanya mkataba. Na mtu wako akisimama mlangoni anakusubiri utoke chini ya lori, toka, hata kama mikono ina grisi. Yatosha.

Hii hila ya kesho angalau nimeifikiri vizuri. Tangu wiki jana natoka na pikipiki kila alfajiri, ovaroli, koti, kofia ngumu, skafu mpaka puani, namwambia koplo naijaribu kwa ajili ya Kapteni, na kwamba kesho nitaifikisha mbali, sirudi mpaka mchana. Amezoea. Siku hizi hata hainuki, ananyanyua kidole tu kwenye blanketi. Urefu wetu ni mmoja, hilo umelirithi kwangu, na nakuomba usinichukie kwa yote niliyokurithisha. Jana tangi nililipiga msasa mbele yake, nikasema Kapteni atapata rangi mpya. Damu ya mzee yote imeondoka, mstari wa dhahabu umeondoka, nikeli nimeifunika rangi ya bati. Sasa ni kijivu, kibaya, hakuna atakayekitazama mara mbili kwenye njia za magendo ya kahawa. Nilidhani nitalia nikiifuta. Nilifuta kama mtu anayefuta meza.

Na nilipokuambia ikikufia njiani uiache majanini, usiisukume hata hatua moja, uende kwa miguu mpaka mtoni Lwakhakha walipo Wekesa na mkewe, uliinua uso ukanitazama. Mara ya kwanza. Nadhani hukuamini ni mimi ninayesema. Sijui kama umefika nayo ama iko shimoni huko Bubulo. Usijisumbue kunijulisha, sitaki hata kujua.

Lililobaki ni gumu, nimelizungukia kurasa zote hizi.

Nilikuambia kwamba Jumapili Wekesa atakuja na lori atuchukue mimi na Bibi, tukufuate. Hakuna lori, mwanangu. Bibi yako hawezi kukaa kwenye lori hata mpaka stendi, na mimi simwachi kwa watu wale. Tena nyumba hii ikikutwa tupu asubuhi, simu zitapigwa mpakani kabla hujafika Magale. Nimekudanganya kwa sababu usingekwenda. Ukasirike, una haki, lakini ukasirikie huko huko ng'ambo.

Utasikia maneno kunihusu. Mengine yatakuwa kweli. Usirudi. Usirudi kwa msiba, usirudi kwa barua inayosema baba yako anakuita, maana mimi sikuiti. Mke wa Wekesa atakuwa mama yako, amekubali, na ana roho nzuri kuliko kelele zake. Kaolewe na mtu unayemtaka, ama usiolewe, fundisha watoto, fungua gereji, mimi nakuona ukiweza.

Naogopa, Mastula. Siandiki hivi ili unionee huruma, nimechoka tu kujifanya. Naogopa Ijumaa, na zaidi ya Ijumaa naiogopa kesho saa mbili asubuhi, nyumba hii bila wewe. Nakupenda. Niliwahi kukuambia? Nadhani nilikuwa nikikuambia "pitisha spana namba kumi" na nikiona inatosha.

Kesho koplo atadhani aliyetoka ni mimi. Sasa ni lazima asikie kwamba wewe umo ndani, angalau mpaka mchana, mpaka uvuke mto. Kila asubuhi unatwanga njugu nyuma ya ua wa mabua, naye anapiga kelele kutoka langoni, "Mastula, leo mchuzi ya njugu?" nawe humjibu. Nashukuru kwamba humjibu. Wiki nzima nimekusikiliza nikiwa chini ya lori la watu: mapigo mawili ya haraka, moja zito, halafu unapumua. Nimelishika pigo lako. Bibi anasema mchi naushika kama nyundo, amenisahihisha jikoni huku amefunga mlango. Leso yako ya kijani usiitafute kwenye mzigo, ninayo mimi.

Kwa hiyo sasa hivi unaposoma, niko uani nimejifunga leso, natwanga. Koplo akiuliza habari za mchuzi sijibu. Halafu Bibi yako, kama tulivyokubaliana, anaita kwa sauti kutoka ndani, "Mastula! Mastula, niletee maji!" nami naweka mchi chini, nainuka, nampelekea.

Baba yako,
Rajabu